Kutazama Kabla ya Kutaja

Moyo hauonekani, ini halionekani, figo hazionekani. Mtu akiumwa na kimojawapo humwachia daktari nafasi ya kujua asichokijua yeye. Ngozi haina bahati hiyo. Iko nje, kila mtu anaiona, na kwa hiyo kila mtu ana la kusema. Jirani anasema ni aleji. Shangazi anasema mtoto amebadilishiwa sabuni. Muuzaji wa duka la dawa anatoa tyubu bila kuuliza swali hata moja. Mgonjwa anapofika kwa daktari wa ngozi huwa amekwisha kutibiwa na mtaa mzima, na ugonjwa wenyewe umekwisha kubadilika sura.

Daktari anaanza upya. Salamu kwanza. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu." Halafu anaomba jambo ambalo wagonjwa wengi hawalitarajii, nalo ni kuuona mwili wote. Bibi amekuja na muwasho wa mikono, lakini daktari anataka mgongo, kitovu, nyayo, kucha, ndani ya kinywa, nyuma ya masikio. Anamsogeza karibu na dirisha, maana taa ya njano huipotosha rangi. Pengine anawasha tochi na kuielekeza kutoka ubavuni, ili kilichoinuka kitupe kivuli. Kisha anapitisha kidole. Muda wote huo hajataja jina la ugonjwa. Hapo, katika kujizuia huko, ndipo ninapouona ufundi wake, na ndipo ninapoipenda kazi hii kuliko nyingi za hospitalini.

Kabla ya jina huja maelezo, na maelezo yana lugha yake. Doa ni rangi iliyobadilika pasipo kuinuka. Ukifumba macho na kulipapasa huwezi kulihisi. Kipele kimeinuka. Kinundu kimezama ndani, na ukikibana kati ya vidole unakuta kina mizizi. Lengelenge lina maji, kijipu kina usaha. Magamba ni ngozi iliyokufa inayobanduka, na gaga ni majimaji yaliyokauka juu ya kidonda. Baada ya umbo huulizwa mpangilio: vimetapakaa, vimejikusanya, vimefuata mstari, au vimeunda duara? Kisha mahali, na mahali pekee mara nyingi husema nusu ya habari. Malengelenge yaliyopangana upande mmoja wa kifua, yakafika katikati ya mwili na kukoma hapo, ni mkanda wa jeshi, kwa sababu kirusi kinasafiri ndani ya neva, na neva ya kulia haihudumii kushoto. Ukurutu wa mtoto aliyekwisha kukua, ule ambao wengi huuita pumu ya ngozi, hupenda mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Madoa yasiyowasha kwenye viganja na nyayo humfanya daktari aagize kipimo cha kaswende hata kama mgonjwa hajasema lolote la faragha. Ndiyo maana magonjwa ya ngozi na magonjwa ya zinaa husomewa pamoja katika vyuo vyetu.

Utaratibu huu wa kueleza kwanza uliwekwa misingi mwishoni mwa karne ya 18. Robert Willan, daktari wa London, alikuta majina ya magonjwa ya ngozi yamevurugika, kila mwandishi akiita kwa namna yake. Akayapanga kwa kile ambacho jicho linaweza kukithibitisha: vipele, magamba, malengelenge, usaha, madoa. Makundi yake yalikuwa 8, na kitabu chake kilitoka mwaka 1808. Willan hakujua bakteria ni nini wala kirusi ni nini. Sababu alizodhania nyingi zimekwisha kusahaulika, lakini mwanafunzi anayeingia wodini leo bado anaanza na maumbo yale, kwa sababu yalisimama juu ya kilichoonekana.

Historia ya upele inafundisha jambo jingine, kwamba jicho bora halikuwa la daktari kila mara. Mwaka 1687 huko Italia, Giovanni Cosimo Bonomo aliandika barua kueleza kwamba upele unaletwa na kadudu kadogo kanakoishi ndani ya ngozi. Alisema alikwisha kuwaona wanawake maskini wakiwatoa watoto wao vidudu hivyo kwa ncha ya pini. Wakubwa wa tiba hawakulitilia maanani. Kwao upele uliendelea kuwa uchafu wa damu. Ilipita karibu karne moja na nusu. Mwaka 1834, katika hospitali ya Saint-Louis mjini Paris, mwanafunzi aitwaye Renucci, mzaliwa wa kisiwa cha Corsica, alichukua sindano na kumtoa mdudu huyo mbele ya walimu wake, kama alivyowaona akina mama wa kwao wakifanya. Madaktari walikuwa wakichimba katikati ya lengelenge. Akina mama walijua kwamba mdudu hayumo mle, yuko mwisho wa kijishimo chembamba kinachotambaa pembeni.

Kwa hiyo daktari mzuri wa ngozi humsikiliza mama. Anauliza: usiku mtoto analala? Nani mwingine nyumbani anajikuna? Anatazama katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kiunoni, kuzunguka kitovu. Akiridhika kwamba ni upele, anatoa dawa kwa nyumba nzima, wapakwe wote usiku mmoja, pamoja na wale wasiojikuna. Mtu anayeambukizwa kwa mara ya kwanza hukaa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuanza kuwashwa, na katika muda huo anaeneza bila kujua. Kisha anaongeza maneno ambayo mwenye haraka huyasahau: muwasho utaendelea kwa wiki kadhaa hata baada ya wadudu kufa. Mgonjwa asiyeambiwa hivyo atapaka dawa tena na tena hadi aiunguze ngozi, halafu atarudi na ugonjwa mpya alioutengeneza mwenyewe. Maelezo hayo ni sehemu ya dawa.

Kwetu sisi ufundi huu una ugumu mmoja wa ziada. Vitabu vingi vya fani hii viliandikwa Ulaya na Marekani, na kwa miaka mingi picha zake zilikuwa za ngozi nyeupe. Vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huja kwa rangi ya zambarau, au kijivu, au weusi uliokolea kuliko sehemu za jirani, na pengine hauonekani kabisa. Anayeutafuta lazima aweke mgongo wa mkono asikie joto, abonyeze asikie uvimbe. Mwaka 2020 Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari mjini London aliyezaliwa Zimbabwe, alitoa pamoja na walimu wake kijitabu kinachoonyesha dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi, na kikapokelewa kwa hamu kubwa. Madaktari wa Moshi, Nairobi na Kampala walikuwa wakilipata somo hilo kwa wagonjwa wenyewe, kila asubuhi ya kliniki.

Ngozi nyeusi ina kumbukumbu ndefu pia. Chunusi ikipona huacha doa jeusi kwa miezi, na ukurutu ukitulia huacha baka. Mara nyingi mgonjwa amekuja kwa ajili ya doa hilo, wakati daktari anataka kuutibu ugonjwa uliolileta. Anayemwambia binti wa miaka 17 kwamba doa la usoni si kitu hajaielewa kazi yake. Doa hilo hilo ndilo litakalompeleka kwenye mkorogo, na mkorogo ndio utakaomrudisha kliniki baada ya miaka michache akiwa na uso wenye mishipa iliyojitokeza, ngozi iliyokonda, na weusi mzito usiotoka tena kirahisi. Ndani ya makopo ya mkorogo hukutwa zebaki, haidrokwinoni na steroidi kali, vitu ambavyo serikali za Afrika Mashariki zimekwisha kuvipiga marufuku katika vipodozi. Marufuku ni jambo jema, lakini binti yule anahitaji mtu atakayemweleza, bila kumkemea, doa litachukua muda gani kufifia na kwa nini jua linalikoleza.

Steroidi hizohizo ndizo zinazoharibu ushahidi. Choa kinajulikana: duara lenye ukingo ulioinuka na magamba, katikati pakiwa pameanza kupona. Mtu akikipaka krimu yenye steroidi, muwasho unatulia siku chache, anafurahi, anaendelea. Ukingo unapotea, magamba yanapotea, duara linavunjika, na chini yake fangasi anastawi kwa raha kwa sababu kinga ya ngozi imenyamazishwa. Daktari anayetafuta sura ya kitabuni hataiona. Mwenye subira ataona pembeni kabisa kijisehemu ambacho bado kina magamba kidogo. Atakikwangua taratibu kwa upande butu wa kisu, aweke unga ule kwenye kioo, adondoshee matone ya potasiamu haidroksaidi, asubiri seli za ngozi ziyeyuke, kisha atazame kwenye hadubini. Fangasi wakiwapo wataonekana kama nyuzi zinazogawanyika matawi. Kipimo hicho hakigharimu kitu kikubwa na hakihitaji mashine ya kutoka ng'ambo. Kinachohitajika ni mtu wa kukaa chini akatazama.

Lakini mahali ninapouheshimu mkono wa daktari wa ngozi kuliko popote ni kwenye ukoma. Mgonjwa ana baka lililopauka begani, haliwashi, haliumi, na kwa sababu haliumi amekaa nalo. Daktari anachukua pamba, anaivuta ncha iwe nyembamba, anamwomba afumbe macho na aoneshe kwa kidole kila anapoguswa. Anagusa shavu: mgonjwa anaonesha. Anagusa mkono: anaonesha. Anagusa katikati ya baka: kimya. Kisha anashika kiwiko na kuitafuta neva inayopita nyuma yake, anaipima unene kwa ncha za vidole kama fundi nguo anavyopima kitambaa, analinganisha na ya upande wa pili, anashuka hadi ile inayopita pembeni chini ya goti. Gerhard Armauer Hansen aliigundua bakteria ya ukoma huko Norway mwaka 1873, na tangu miaka ya 1980 upo mchanganyiko wa dawa, na siku hizi huwa ni dawa tatu zinazotolewa bure na kuponya kwa miezi 6 au 12. Dawa hizo zinaua bakteria, ila haziwezi kuifufua neva iliyokwisha kufa. Kati ya mgonjwa atakayebaki na vidole vyake na yule atakayevipoteza, mara nyingi tofauti ni kama kuna mtu aliyemgusa mapema.

Na kugusa kulikuwa tiba kwa maana nyingine pia. Wanda Błeńska, daktari kutoka Poland, alihamia Uganda mwaka 1950 na akafanya kazi katika hospitali ya ukoma ya Buluba kwa zaidi ya miaka 40. Anakumbukwa kwa mengi, mojawapo likiwa kwamba aliwapima wagonjwa kwa mikono mitupu wakati ambapo watu waliwakimbia. Alijua ugonjwa ule hauambukizi kirahisi, na alijua kwamba maelezo pekee hayawezi kuondoa hofu ambayo mkono unaweza kuiondoa. Aliishi hadi miaka 103.

Kufikia ufundi huo ni safari ndefu. Kwa Tanzania, kijana anamaliza kidato cha sita kwa Fizikia, Kemia na Biolojia, anasoma Shahada ya Udaktari miaka 5, anafanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, kisha anasajiliwa. Wengi hufanya kazi wilayani kwanza, wakizalisha, wakitibu malaria, wakishona majeraha. Ndipo wanarudi shuleni kwa shahada ya uzamili ya magonjwa ya ngozi na zinaa, miaka mingine 4. Miaka hiyo ni ya kutazama. Asubuhi kliniki, mchana wodi, jioni vioo vya maabara. Mwalimu anamweka mwanafunzi mbele ya mgonjwa na kumwambia aeleze anachokiona. Akianza na jina la ugonjwa anasimamishwa na kurudishwa mwanzo.

Kituo ambacho kimelea watu wengi kwa namna hiyo kiko Moshi, ndani ya hospitali ya KCMC: Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichoanza mwaka 1992 kwa msaada wa umoja wa madaktari wa ngozi duniani. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Henning Grossmann kutoka Ujerumani, na Profesa John Masenga ni miongoni mwa waliokiongoza baadaye. Waanzilishi walikuwa na wazo ambalo bado linanivutia. Waliona kwamba bara lenye madaktari bingwa wachache hivi haliwezi kuwangojea hao wachache. Wakaanza na matabibu, watu wanaokaa wilayani na watakaobaki huko, wakawapa stashahada ya juu ya miaka 2. Idadi kubwa ya wagonjwa wa ngozi wanaougua vijijini wana magonjwa ya aina chache tu: upele, fangasi, ukurutu, majipu, vidonda. Tabibu mwenye jicho lililofundwa anawatosha wengi wao, na anajua ni nani wa kumpa rufaa. Wahitimu wa Moshi walirudi katika nchi nyingi za Afrika, na wengine wakawa walimu huko.

Kilimanjaro ndiko unakoona pia jinsi ufundi huu unavyolazimika kutoka nje ya chumba cha daktari. Mtu mwenye ualbino hana rangi ya kumkinga na jua la Ikweta. Bila kinga, vidonda vidogo vikavu huanza usoni, masikioni na kwenye midomo akiwa bado kijana, na baadhi hugeuka saratani. Daktari anayevijua anavigandisha kwa naitrojeni kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa sekunde chache, na hatari inakatwa pale. Lakini kinga ni bora zaidi, na losheni za kukinga jua zinazotoka nje ni ghali. Pale pale KCMC, mfamasia Mhispania Mafalda Soto alianzisha utengenezaji wa losheni iitwayo Kilisun, iliyoundwa kwa ajili ya watu wenye ualbino na hali ya hewa ya hapa, na ikawafikia kupitia kliniki zinazowafuata walipo. Pamoja na losheni huja kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, na ushauri kwa mwalimu kwamba mtoto akae mbele darasani na asisimamishwe juani.

Yapo pia maarifa ya kipimo, ambayo mtu wa nje hayafikirii. Dawa iliyobanwa kutoka kwenye tyubu kwa urefu wa kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi pingili yake ya kwanza ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Mwili mzima wa mtu mzima unataka gramu 20 hadi 30 kwa kupaka mara moja. Sasa fikiria mgonjwa mwenye ukurutu wa mwili wote aliyepewa tyubu ya gramu 15 na kuambiwa itamfaa mwezi. Dawa ilikuwa sahihi, hesabu haikuwa. Na ngozi haifanani kila mahali: kope hunywa dawa upesi na kuumia upesi, nyayo ni nene na hazipitishi. Krimu inayofaa mguuni yaweza kuharibu uso. Daktari hupima haya yote kabla ya kuandika mstari mmoja wa maelekezo.

Siku nyingine hakuna nafasi ya utaratibu. Mgonjwa aliyeanza dawa mpya wiki chache zilizopita, pengine ya salfa, analetwa na homa, midomo imechanika, macho mekundu, na ngozi inabanduka kwa shinikizo la kidole tu. Hapo ngozi imeacha kuwa ukuta; maji yanatoka, vijidudu vinaingia, na mgonjwa anahitaji kutunzwa kama aliyeungua moto. Uamuzi wa kusimamisha dawa ile saa hiyo hiyo ndio unaoweza kuokoa maisha. Daktari anaufanya kwa dakika moja, na dakika hiyo imelipiwa na miaka yote aliyozoea kutazama taratibu.

Nikiwaambia vijana wa udaktari kwamba hii ni kazi ya kupendwa, wengine hudhani ni kazi ya vipodozi na chunusi za matajiri. Waende kliniki siku moja wakae pembeni. Watakuta mkulima, askari, mtoto mchanga, bibi, mtu mwenye VVU ambaye mabaka yake ya zambarau ndiyo yaliyotoa taarifa ya kwanza. Watakuta fani ambayo mtu mmoja anaona, anagusa, anakwangua, anatazama kwenye hadubini, anakata kinyama cha milimita 4 kwa ajili ya kipimo, na anatoa dawa, bila kumpoteza mgonjwa njiani.

Nasi wagonjwa tuna sehemu yetu. Picha ya simu inaweza kusaidia kuanza mazungumzo, lakini haina joto wala unene, na rangi yake ni ya kamera. Twende wenyewe. Tusipake mafuta wala poda asubuhi ile. Tubebe kila tyubu, kopo na karatasi ya dawa tuliyotumia, pamoja na ile tunayoionea aibu, kwa sababu pengine hiyo ndiyo iliyoubadilisha ugonjwa sura. Tuseme nani mwingine nyumbani anajikuna. Na daktari akituomba kuona mwili wote wakati sisi tumekuja kwa doa moja, tukubali, tukijua kwamba ameamua kutotuhukumu kwa haraka.